Helmeti ya baiskeli, kuvaa au kutovaa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa tumekusanya maswali yanayorudi kila watu wanapoanza kubishana kuhusu helmeti za baiskeli, zile kofia ngumu ambazo vijiweni wengine huziita "elementi". Mengine ni ya sheria, mengine ya sayansi, na mengi ni ya kawaida kabisa: ninunue ipi, nikaze vipi, nikianguka nifanye nini.

Mbona jambo dogo hivi linagombanisha watu?

Kwa sababu ni maswali mawili yaliyofungwa kwenye furushi moja. La kwanza: kichwa kikigonga lami, ni heri kiwe ndani ya helmeti au kiwe wazi? La pili: je, serikali imlazimishe kila anayepanda baiskeli kuvaa, na asiyevaa atozwe faini? La kwanza ni la fizikia na wodi za majeruhi, na jibu lake linajulikana vizuri. La pili linahusu sera, barabara, pesa, polisi na tabia za watu, na hapo hata wataalamu hawaimbi wimbo mmoja. Unaweza kuvaa helmeti kila siku na bado ukapinga sheria ya kulazimisha. Mara nyingi wanaobishana mpaka kukucha, mmoja anajibu swali la kwanza na mwenzake la pili.

Helmeti inasaidia kweli, au ni biashara ya watu?

Inasaidia. Ubishi wa kweli ni kuhusu kiasi gani.

Tarakimu iliyotajwa sana kwa miaka mingi ni kwamba helmeti inapunguza uwezekano wa kuumia kichwa kwa asilimia 85. Ilitoka Seattle, Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1989 na Robert Thompson, Frederick Rivara na Diane Thompson. Walilinganisha waendesha baiskeli waliofika hospitali wakiwa wameumia kichwa na wengine walioanguka bila kuumia kichwa, wakaangalia nani alikuwa amevaa. Tatizo la njia hii ni kwamba anayevaa na asiyevaa mara nyingi si watu wa aina moja. Mtoto mwenye helmeti pengine alikuwa akizunguka bustanini na baba yake pembeni, na asiyekuwa nayo alikuwa peke yake katikati ya magari. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na mahali alipoangukia, wala haihusiani na kofia. Mwaka 2013 taasisi za serikali ya Marekani ziliacha kuitumia tarakimu hiyo.

Zilizokuja baadaye ni za wastani zaidi, na tunaziamini zaidi. Mwaka 2016 Jake Olivier na Prudence Creighton wa Australia walijumlisha tafiti 40 zenye majeruhi zaidi ya 64,000. Waliona uwezekano wa kuumia kichwa unapungua kwa takriban asilimia 51, majeraha makubwa ya kichwa asilimia 69, na ya uso asilimia 33. Mwaka 2018 Alena Høye wa Norwei alirudia kazi hiyo kwa tafiti 55, akapata asilimia 48 kwa majeraha ya kichwa na 60 kwa yale makubwa.

Angalia vizuri hesabu hizi zinahusu nani. Ni watu ambao tayari wameanguka na kufikishwa hospitali. Hazisemi chochote kuhusu uwezekano wako wa kuanguka leo ukienda sokoni. Anayezitumia kusema "helmeti inapunguza ajali kwa nusu" hajazielewa. Helmeti haizuii ajali hata moja.

Inafanyaje kazi?

Ukiichana helmeti utakuta vitu vichache tu: ganda jembamba la plastiki kwa nje, povu jeupe gumu la unene wa sentimita 2 hadi 3, sponji za ndani, mikanda, na kidude cha kuzungusha kwa nyuma cha kukazia. Kazi yote inafanywa na lile povu. Ni jamii ileile ya povu linaloizunguka televisheni mpya ndani ya boksi.

Kinachoumiza ubongo ni kusimama ghafla. Kichwa kinachoshuka kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa kikikutana na lami kikiwa wazi, kinasimama ndani ya milimita chache tu. Kikiwa na povu chini yake, linabonyea na kusagika, na kichwa kinasimama ndani ya sentimita 2 hivi. Kwa hesabu rahisi, ukiongeza umbali wa kusimamia mara nne, nguvu inayokipiga kichwa inashuka mara nne. Ganda la nje lina kazi ya kuteleza juu ya lami ili kofia isikwame na kuinyonga shingo, na pia ya kulishikilia povu lisitawanyike.

Povu hilo ni la safari moja. Likishabonyea halirudi, na hapo ndipo tofauti yake na sponji ya godoro ilipo.

Nimesikia zinapimwa kwa mwendo wa kilomita 20 tu. Gari linalokwenda 80 je?

Ulichosikia ni kweli. Kiwango cha Ulaya, EN 1078, kinataka helmeti yenye kichwa bandia ndani idondoshwe kwenye chuma bapa kwa mwendo wa mita 5.42 kwa sekunde, sawa na kuiachia kutoka urefu wa mita 1.5. Kisha inadondoshwa kwa mwendo mdogo zaidi kwenye chuma chenye pembe kama ukingo wa barabara. Mshtuko ndani ya kichwa usizidi mara 250 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Kiwango cha Marekani, CPSC, kilichoanza kutumika kwa lazima mwaka 1999, kinadondosha kutoka mita 2 na kuruhusu hadi mara 300.

Mita 1.5 hazikuchaguliwa kwa kubahatisha. Ni karibu na urefu ambao kichwa chako kipo ukiwa juu ya siti. Hata ukiwa na mwendo wa kilomita 30 kwa saa, ukiteleza kwenye mchanga kichwa kinaifikia ardhi kwa mwendo wa kushuka kutoka urefu ule, na mwendo wa mbele unaishia kwenye kuburuzika. Kwa hiyo kipimo hiki kinaendana na ajali za kawaida: tairi la mbele kuingia kwenye shimo, suruali kunaswa na cheni, mtu kufungua mlango wa gari mbele yako.

Kugongwa na basi la mikoani ni habari nyingine. Hakuna mtengenezaji anayedai helmeti yake imeundwa kwa ajili hiyo. Hata kijana wa Burundi anayeteremka kwa kasi na mzigo wa ndizi kutoka Bugarama kwenda Bujumbura anazidi kwa mbali kile kilichopimwa maabara. Katika ajali kama hizo helmeti huweza kupunguza kitu, lakini usiitegemee.

Zile zenye tabaka la njano ndani ni bora?

Unazungumzia MIPS, teknolojia iliyoanzia Stockholm, Uswidi, kwa kazi ya daktari wa upasuaji wa ubongo Hans von Holst na mhandisi Peter Halldin. Kichwa kwa kawaida hakigongi ardhi wima. Kinagonga kwa mshazari, kinazungushwa, na ubongo unajipinda ndani ya fuvu. Tabaka hilo linaiacha helmeti iteleze milimita 10 hadi 15 juu ya kichwa wakati wa mgongano ili mzunguko upungue. Kimsingi wazo ni zuri, na maabara ya chuo kikuu cha Virginia Tech, Marekani, ambayo tangu 2018 inatoa nyota kwa helmeti za baiskeli, huzipa nyingi kati yake alama nzuri. Hata hivyo kuna helmeti zisizo na tabaka hilo zinazofanya vizuri pia. Kama pesa haitoshi, helmeti ya kawaida yenye kiwango na inayokukaa sawasawa inaishinda ya gharama inayochezacheza kichwani.

Australia walilazimisha kwa sheria. Ikawaje?

Jimbo la Victoria lilikuwa la kwanza duniani, tarehe 1 Julai 1990, na majimbo mengine yakafuata hadi 1992. New Zealand ilianza Januari 1994. Kwa hiyo ukitaka kujua sheria inafanya nini, huko ndiko kwenye miaka mingi ya kuangalia, na huko ndiko kila upande unakochukua silaha zake.

Wanaounga mkono wanaonyesha kwamba uvaaji Victoria uliruka kutoka asilimia 31 mwezi Machi 1990 hadi asilimia 75 mwaka mmoja baadaye, na majeruhi wa kichwa hospitalini wakapungua. Wanaopinga wanaonyesha hesabu za barabarani za Melbourne: kwenye vituo vilevile, watu wanaopita kwa baiskeli walipungua kwa takriban theluthi moja mwaka wa kwanza, na waliopotea zaidi ni vijana. Kama wapanda baiskeli wamepungua kwa theluthi, wanauliza, unashangaa nini majeruhi wakipungua?

Upande wa kwanza unajibu kwamba hesabu ya siku chache kwenye makutano machache inayumbishwa na hali ya hewa na matukio ya siku hiyo, na kwamba majeraha ya kichwa yalipungua zaidi kuliko ya mikono na miguu, jambo ambalo lisingetokea kama sababu ingekuwa uchache wa watu tu. Upande wa pili unakumbusha kwamba wakati uleule Victoria ilikuwa ikifunga kamera za mwendokasi na kuwabana madereva walevi, hatua ambazo pia zinaokoa watu.

Maoni yetu ni kwamba sheria ile iliongeza uvaaji, hilo halina shaka, na iliwafukuza baadhi ya watu kwenye baiskeli, hasa vijana wa sekondari. Kupima kwa usahihi kipi kilizidi kipi ndicho kigumu, na anayekuambia jambo hilo limekwisha kuamuliwa anakuuzia upande wake.

Waholanzi hawavai, mbona hawafi kama kuku?

Uholanzi ina baiskeli nyingi kuliko watu, na kwenye safari za kila siku ni wachache sana wanaovaa helmeti. Anayeonekana nayo ni mwanamichezo mwenye baiskeli ya mashindano, mtalii, au mtoto mdogo. Usalama wao ulijengwa mahali pengine. Miaka ya 1970 wazazi na wananchi waliandamana kupinga vifo vya watoto barabarani, na kuanzia hapo nchi ikajenga njia za baiskeli zilizotengwa na magari na kupunguza mwendo wa magari kwenye mitaa ya makazi. Dereva wa huko mwenyewe ni mwendesha baiskeli.

Lakini usiichukue Uholanzi kama ushahidi kwamba kichwa hakihitaji kinga. Mwaka 2022 takriban waendesha baiskeli 290 walikufa huko, wengi wao wazee, na baiskeli za umeme zimewapa watu wa miaka 75 mwendo ambao miguu yao isingewapa. Siku hizi madaktari wa huko wenyewe wanawahimiza wazee kuvaa. Kuhimiza, si kulazimisha.

Ni kweli kwamba ukivaa, madereva wanakupita karibu zaidi?

Habari hii ilitoka kwa Ian Walker wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza. Alifunga kipima umbali kwenye baiskeli yake, akaendesha na helmeti na bila helmeti, na kurekodi magari zaidi ya 2,300 yaliyompita. Matokeo yaliyotoka 2007 yalionyesha kwamba akiwa amevaa, magari yalimpita karibu zaidi kwa wastani wa sentimita 8.5. Alijaribu pia kuvaa wigi la nywele ndefu ili aonekane mwanamke kwa nyuma, na akaachiwa nafasi kubwa zaidi.

Mwaka 2013 watafiti wa Australia waliichambua upya data ileile, wakasema ukitazama yale magari yaliyopita karibu kwa hatari, chini ya mita 1, helmeti haionyeshi tofauti. Walker hakukubaliana nao. Sentimita 8 si sababu ya kuvua kofia, na wala si ya kupuuza: dereva anasoma mavazi yako.

Kuna nchi zilizofuta sheria hiyo?

Zipo. Jiji la Mexico liliifuta mwaka 2010 lilipoanzisha baiskeli za kukodi za Ecobici, maana mtu anayechukua baiskeli kwa dakika 20 hatembei na helmeti mkononi. Melbourne ilianzisha mradi wa namna hiyo mwaka huohuo huku sheria ikibaki; mradi ulidorora na kufungwa 2019. Israel iliwaondolea watu wazima mjini mwaka 2011. King County, kaunti yenye jiji la Seattle, iliifuta Februari 2022 baada ya kuonekana kwamba waliokuwa wakipigwa faini kupita idadi yao ni watu weusi na watu wasio na makazi. Ndiyo, Seattle ileile ya asilimia 85.

Nyingine zimechagua katikati. Ufaransa tangu Machi 2017 inawataka watoto chini ya miaka 12 tu. Japani tangu tarehe 1 Aprili 2023 inamtaka kila mpanda baiskeli "ajitahidi" kuvaa, bila adhabu.

Na Afrika Mashariki?

Huku mjadala wa sheria umeelemea pikipiki. Tanzania na Kenya zinamtaka dereva wa pikipiki na abiria wake wavae, na ndiko nguvu ya polisi iliko. Baiskeli imeachwa nyuma, ingawa neno lenyewe "bodaboda" lilizaliwa kwenye keria za baiskeli zilizokuwa zikivusha watu mpakani mwa Kenya na Uganda.

Sisi tungeanza na barabara. Mwenye baiskeli ya mzigo kwenye barabara kuu anaendesha ukingoni mwa lami iliyomeguka, gizani, bila taa, na roli linampita kwa kasi. Kumtoza faini kwa kukosa helmeti kabla ya kumpa bega la barabara ni kumwadhibu mara mbili. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu takriban milioni 1.19 hufa barabarani duniani kila mwaka, na waendesha baiskeli ni kama asilimia 6 yao. Watembea kwa miguu ni wengi zaidi, na hakuna anayewaambia wavae helmeti.

Nina pesa ya kitu kimoja tu. Nianze na helmeti?

Anza na breki. Baiskeli nyingi za mizigo zina breki za vyuma na ringi za chuma zilizong'arishwa. Ringi hizo zikilowa mvua raba inateleza na baiskeli haisimami, hasa ukiwa na magunia mawili ya mkaa kwenye keria. Raba mpya na kurekebisha vyuma ni kazi ya fundi ya muda mfupi. Cha pili ni taa nyekundu nyuma, au angalau riflekta safi kama unatembea usiku. Helmeti iwe ya tatu. Breki na taa zinazuia ajali. Helmeti inapunguza madhara ikishatokea.

Naweza kutumia helmeti ya pikipiki? Au kofia ya ujenzi?

Ya pikipiki inakinga vizuri, pengine zaidi, kwa kuwa imepimwa kwa mgongano mkubwa. Taabu yake ni uzito wa kilo moja na zaidi, joto, na masikio kuzibwa. Ukipanda mlima kwa miguu yako mwenyewe utaivua baada ya kilomita mbili na kuitundika kwenye usukani, na hapo haimkingi mtu. Helmeti ya baiskeli ina gramu 250 hadi 400 na matundu ya hewa.

Kofia ya ujenzi isitumike. Imeundwa kwa tofali linalodondoka kutoka juu. Pembeni haina povu la kusagika, na ukianguka itaruka kabla kichwa hakijafika chini.

Nipime na kuikaza vipi?

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na helmeti iliyokaa vibaya haina faida. Chukua futi ya fundi cherehani, izungushe kichwani juu kidogo ya nyusi, ipite sehemu nene zaidi ya kisogo. Ukikosa futi tumia kamba kisha uipime kwa rula. Sentimita 51 hadi 55 kwa kawaida ni ndogo, 55 hadi 59 ya kati, 59 hadi 63 kubwa, lakini soma kibandiko cha ndani kwa sababu kila kampuni ina vipimo vyake. Kisha:

1. Ivae ikiwa sambamba na ardhi. Kati ya nyusi na ukingo wa helmeti paenee vidole viwili. Wanaoisukuma nyuma kama kofia ya mapambo wanaacha paji la uso wazi.
2. Zungusha kidude cha nyuma mpaka ibane bila kuuma. Kabla hujafunga mkanda, inama na utikise kichwa. Ikidondoka, ni kubwa au hujakaza.
3. Rekebisha mikanda ya pembeni ikutane kama herufi V chini kidogo ya sikio, upande huu na huu.
4. Funga chini ya kidevu. Kidole kimoja au viwili vipite kati ya mkanda na ngozi. Fungua mdomo kama unayepiga miayo: helmeti ivutwe kidogo kushuka.
5. Jaribu kuisukuma kwa mkono kutoka mbele kwenda nyuma. Ikipanda zaidi ya upana wa vidole viwili, rudi hatua ya tatu.

Nywele zinabadilisha kila kitu. Rasta au nywele zilizofungwa utosini zinaiinua helmeti ikae kama kifuniko cha sufuria. Zifunge chini, kwenye shingo, na pima ukiwa na mtindo utakaoendesha nao. Ushungi mwembamba chini ya helmeti hauna shida, ila ondoa pini na vibanio. Kilemba kinene na baraghashia vivuliwe.

Mtoto nimnunulie kubwa kidogo ili aikulie?

Hapana. Sare ya shule inanunuliwa ya kukulia. Helmeti hainunuliwi hivyo. Ikiwa kubwa itazunguka na kumwacha paji wazi siku ya kuanguka. Chagua yenye kidude cha kukaza, itamfaa miaka kadhaa bila kulegea.

Jambo moja ambalo wazazi hawaambiwi: mtoto avue helmeti anaposhuka kwenye baiskeli. Akipanda mti au bembea nayo, kichwa kinaweza kukwama na mkanda ukamnyonga. Ulaya kuna kiwango maalumu cha watoto, EN 1080, chenye kifungo kinachoachia chenyewe kikivutwa kwa nguvu.

Helmeti ya mtumba ni salama?

Inaweza kuwa salama, lakini hujui ilianguka mara ngapi kabla haijafika sokoni. Itazame hivi.

Igeuze utafute kibandiko cha ndani: EN 1078, CPSC au AS/NZS 2063 (kiwango cha Australia na New Zealand), na tarehe ya kutengenezwa. Isiyo na kibandiko chochote iache. Iliyozidi miaka 10 iache pia. Mamlaka ya Marekani inashauri kubadilisha baada ya miaka 5 hadi 10. Ng'oa sponji zote uangalie povu kwenye mwanga wa jua. Unatafuta ufa mwembamba kama unywele, hasa kati ya tundu na tundu, au sehemu iliyong'aa na kushuka kidogo kuliko jirani yake. Hapo ndipo palipopigwa. Shika pande mbili ukiibana taratibu: ikitoa mlio wa kuvunjika ndani, imekwisha. Ganda lililoachana na povu, au lenye mikwaruzo mirefu upande mmoja, linasimulia ajali. Mwisho funga na kufungua kifungo mara kumi.

Muuzaji akikuambia ameisafisha kwa petroli ikang'aa, mrudishie. Petroli na tina vinayeyusha povu hilo. Tone moja likidondokea kwenye kipande cha povu linachimba shimo mbele ya macho yako. Kwa sababu hiyohiyo usiipake rangi ya kupuliza. Isafishe kwa maji na sabuni ya kawaida, ikauke kivulini. Usiiache juu ya dashibodi ya gari juani, maana joto la humo linaweza kulilegeza povu na kuliachanisha na ganda.

Kwenye mashindano ni lazima?

Ndiyo. Chama cha baiskeli duniani, UCI, kilijaribu kulazimisha mwaka 1991 na waendeshaji wakagoma. Fabio Casartelli alikufa Tour de France ya 1995 akiteremka mlima bila helmeti, na bado haikulazimishwa. Ni baada ya kifo cha mwendeshaji Andrey Kivilev kwenye mashindano ya Paris-Nice, Machi 2003, ndipo kanuni ikapita. Leo hakuna anayebisha. Mashindano ya dunia ya Kigali ya Septemba 2025 hukumwona hata mmoja kichwa wazi.

Mtu ameanguka, helmeti imepasuka, yeye anasema yuko salama. Aendelee na safari?

Asiendelee. Kwanza mwondoeni barabarani kama anaweza kutembea. Akilalamika shingo inauma au mikono inakufa ganzi, asisogezwe wala kukalishwa. Mshikeni kichwa kitulie na zuieni magari mpaka msaada ufike.

Akiwa anazungumza vizuri, bado damu inaweza kuwa inavuja taratibu ndani ya fuvu, na mtu wa namna hiyo huonekana mzima kwa saa kadhaa kabla hajazidiwa. Asilale peke yake usiku huo. Apelekwe hospitali mara moja akitapika, kichwa kikizidi kuuma, akisinzia na kuamshwa kwa taabu, akirudia swali lilelile, akipata degedege, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, au maji au damu ikitoka sikioni au puani. Asipewe pombe wala dawa ya usingizi. Aspirini iachwe pia kwa sababu inaongeza kuvuja damu.

Helmeti yenyewe msiitupe pale pale. Ipelekeni naye, daktari aone imepasukia upande gani, kisha ikatweni mikanda kabla ya kuitia jalalani ili mwingine asiiokote na kuivaa.